Mitambo ileile 24, mpangilio uleule: mimi napata ufanisi asilimia 94, mwenzangu 78. Nani amekosea?

Binti_wa_Moro, Jumanne saa 3:12 usiku

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Niko mwaka wa nne uhandisi. Mradi wangu wa mwisho ni shamba la upepo la kubuni karibu na Singida mjini. Halipo, nimelichora mwenyewe. Nimeweka mitambo 24 ya V52, ile ya kilowati 850 yenye mapanga ya kipenyo cha mita 52, kwa sababu ndiyo iliyosimama Ngong na Turkana kule Kenya na jedwali lake la nguvu halina shida kulipata. Jumla megawati 20.4. Safu ni mbili, kila safu mitambo 12. Ndani ya safu, mtambo hadi mtambo ni vipenyo 4, yaani mita 208. Safu hadi safu ni vipenyo 10, mita 520. Nimezilaza safu mashariki hadi magharibi kwa sababu upepo mkuu kwenye data zangu unatoka kusini, nikataka uzipige kifuani.

Data ni ERA5, kumbukumbu za hali ya hewa za dunia nzima zilizokokotolewa kwa kompyuta, upepo wa mita 100 juu ya ardhi, miaka 10, saa kwa saa. Mwelekeo nimeupata kwa atan2(v, u), amri ya kompyuta ya kutafuta pembe (u ni upepo wa kuelekea mashariki, v wa kuelekea kaskazini), nikageuza kuwa digrii, ikitoka hasi naongeza 360. Nikaingiza kwenye PyWake, programu ya kukokotoa jinsi mitambo inavyokatiana upepo, kwa modeli ya Jensen; k, namba ya jinsi upepo uliokatwa unavyopanuka nyuma ya mtambo, nikaweka 0.075. Ufanisi wa shamba, yaani umeme wake ukilinganishwa na kama mitambo isingekatiana upepo, ukatoka asilimia 94, nikafurahi.

Mwenzangu akachukua mpangilio wangu bila kubadilisha hata mtambo mmoja, ila pande za upepo akazitoa Global Wind Atlas, ramani ya upepo ya dunia iliyo mtandaoni. Yeye kapata 78. Msimamizi anataka maelezo Ijumaa.

Nimekagua Jensen mara tatu. Nimejaribu pia modeli ya Bastankhah na Porté-Agel ya 2014. Jibu limesogea kidogo tu. Na kabla ya Singida niliujaribu mstari wangu wa mwelekeo kwa data za Turkana, ukanipa kusini-mashariki kama inavyojulikana. Kwa hiyo mwelekeo nauamini. Naomba mnisaidie, kosa liko kwenye modeli ipi?

Fundi Mlingoti, Jumanne saa 4:40 usiku

Marahaba binti. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, na kabla hatujafika kwenye modeli nakwambia hivi: upepo wa Singida hautoki kusini. Nimeishi pale miezi saba nikifunga na kuhudumia milingoti ya kupimia upepo, na siku ulizogeuka kusini zilikuwa za kuhesabu. Unatoka mashariki. Usiniamini mimi, iamini miti. Toka nje ya mji kidogo, tafuta mgunga uliosimama peke yake uwandani. Matawi yamelalia magharibi, upande wa mashariki kama umenyolewa. Au shuka Ziwa Singidani alasiri uangalie povu limejikusanya ufuo upi.

Sasa tazama safu zako. Upepo wa mashariki hauzipigi kifuani, unazipitia kwa urefu. Mitambo 12 imejipanga foleni, kila mmoja anakunywa kikombe alichokwisha kunywea mwenzake.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Baba alikuwa na ngalawa, na kwenye mashindano alikuwa na mbinu moja aliyoipenda. Anapanda goshini kwa mwenzake, anajiweka kati yake na upepo, na tanga la mwenzake linalegea, linapigapiga kama nguo kambani. Hajamgusa, kamkatia upepo tu. Mtambo nao unamkatia upepo kila aliye demani yake. Ofisini wanaita weki. Mimi nimeshazoea kusema kivuli cha upepo. Ila hiki si kama cha mti: kinapanuka kadiri kinavyokwenda, na kinavyopanuka kinafifia, kwa sababu hewa ya pembeni na ya juu inaingia kukijaza.

Funga kompyuta, chukua karatasi. Mitambo miwili tu, upepo mmoja tu, mita 9 kwa sekunde. Namba ya msukumo, ile CT inayoonyesha mapanga yanauzuia upepo kiasi gani, weka 0.8. Jensen anasema: toa kipeuo cha pili cha (1 − CT) kutoka kwenye moja, unapata 0.553. Hicho ndicho kipimo cha upepo unaopotea pale pale nyuma ya mapanga. Kisha ugawe kwa mraba wa (1 + k × umbali ÷ nusu kipenyo). Kwa vipenyo 4, mita 208: 0.075 mara 208 gawa kwa 26 ni 0.6, ukijumlisha moja 1.6, mraba wake 2.56. 0.553 gawa kwa 2.56 ni 0.216. Mtambo wa pili haupati mita 9, unapata 7.06.

Unaweza kusema, si nimepoteza moja ya tano tu. Hapana. Nguvu iliyomo kwenye upepo inakwenda kwa mchemraba wa spidi. 0.784 mara yenyewe mara tatu ni 0.48. Mtambo wa pili unafua chini ya nusu ya ule wa kwanza, na umenunuliwa bei ileile.

Rudia kwa vipenyo 10. Utapata upungufu wa 0.0885, na nguvu inabaki 0.76. Hiyo ndiyo tofauti kati ya jibu lako na la mwenzako, na ukurasa mmoja wa daftari umetosha kuionyesha. Modeli zako zote mbili ni nzima. Umezipa upepo wa mahali pengine.

Nikwambie kwa nini nimeanza na mwelekeo. Kosa la aina hii nimelifanya kwa mikono yangu, juu ya mlingoti wa mita 60. Haikuwa Singida, na waliotuajiri siwataji. Kipima mwelekeo kina alama ndogo ubavuni, ndiyo sifuri yake. Mimi alama nikaielekeza kufuata bomba linalokishikilia, na bomba lilitazama mashariki. Maana yake kwenye loga, kile chombo cha kurekodi data, nilipaswa kuongeza digrii 90. Nilikuwa juu tangu saa moja asubuhi, vidole vimekufa ganzi, nikashuka nikafunga sanduku la loga bila kuingiza ile 90.

Miezi minne data zikaenda ofisini zikisema upepo ni wa kaskazini. Namba zilikuwa safi: hakuna saa iliyokosekana, spidi nzuri, hakuna aliyeuliza. Siku nimerudi kubadilisha betri, nimechuchumaa mbele ya sanduku, skrini inasoma 004, yaani digrii 4, kaskazini. Nikainua macho. Kwenye waya za kushikilia mlingoti tulikuwa tumefunga vitambaa vyekundu ili ng'ombe wasijikwae. Vyote vimenyooka kuelekea magharibi, vinavuma kwa kishindo, na upepo wenyewe unanipiga sikio la kulia nikiwa nimetazama kaskazini. Nikatazama skrini tena. 004. Nilikaa chini.

Data ziliokolewa kwa sababu kosa lilikuwa lilelile kila saa, tukaongeza 90 kila mstari. Lakini mchoro wa mpangilio ulikuwa umeshapelekwa kwa mteja, na barabara za ndani zilikuwa zimeshaanza kupimwa kwa mchoro huo. Tangu siku ile sifungui programu yoyote kabla sijajua miti ya mahali pale imelalia wapi.

Sasa jibu la Turkana ndilo linalonishangaza. Kama mstari wako ni mbovu, ulipataje kusini-mashariki? Hapo waje wanaojua hesabu za kompyuta kunizidi.

Wa_Kajiado, Jumatano saa 12:55 asubuhi

Habari za asubuhi wadau. Fundi ameonyesha ugonjwa, mimi wacha nionyeshe mdudu mwenyewe.

Dada, atan2(v, u) inakupa pembe ya hesabu za shule. Inaanzia mashariki, inazunguka kinyume cha saa, na inasema upepo unaelekea wapi. Watu wa hali ya hewa wanaanzia kaskazini, wanazunguka pamoja na saa, na wanasema upepo umetoka wapi. Andika atan2(-u, -v). Upime na upepo wa mashariki kamili, ambapo u ni hasi na v ni sifuri: mstari wako unatoa 180, ndiyo hiyo kusini yako. Huu mwingine unatoa 90.

Turkana ilikudanganya hivi. Ukiuchunguza, mstari wako unageuza kila mwelekeo kuwa 270 ukitoa mwelekeo wenyewe. 90 inakuwa 180. Lakini 135 inakuwa 135! Upepo wa 120 unasomeka 150, na bado utauita kusini-mashariki. Ulichagua kujaribu mstari mahali ambapo kosa linajificha lenyewe. Hakuna mahali pabaya zaidi kwa jaribio hilo kuliko Turkana, maana upepo wake ni wa upande mmoja karibu mwaka mzima.

Na kwa vile umeitaja, niseme kidogo, mimi ni mtu wa hii mitambo ya V52. Upepo wa Turkana unabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu za Kenya, ndio mkondo ambao Kinuthia na Asnani waliuandikia mwaka 1982. Pale Loiyangalani imesimama mitambo 365, megawati 310, na wastani wa upepo ni kama mita 11 kwa sekunde. Upepo ukiwa wa upande mmoja hivyo, unaweza kubananisha mitambo ndani ya safu na kuziachia safu zenyewe nafasi kubwa. Mpangilio wako wa 4 kwa 10 ungefaa pale, mradi safu zikingame upepo.

Jambo la pili hapo ni hili. V52 inafika kilowati 850 kati ya mita 14 na 16 kwa sekunde. Upepo ukija na mita 19 na kivuli kikaushusha hadi 17, mtambo wa nyuma bado unatoa zote 850. Kivuli kipo lakini mita ya umeme haikioni. Tena kwenye upepo mkali mapanga yanageuzwa kuachia upepo, CT inashuka, kivuli chenyewe kinakuwa chepesi. Kwa hivyo usichukue asilimia ya kivuli ya Turkana ukaipeleka Singida. Upepo wa mita 7, 8, 9 ndio unaoumia zaidi.

Mwisho, k. Hiyo 0.075 ni ya nchi kavu kwa wastani. Mchana jua linapika ardhi, hewa inapanda na kushuka, kivuli kinajazwa upesi. Usiku ardhi inapoa, hewa inalala kwa tabaka na haichanganyiki, kivuli kinatembea mbali. Weka k ya 0.04 kwenye ile karatasi ya fundi, vipenyo 10: mtambo wa nyuma unabaki na 0.57 ya nguvu badala ya 0.76. Una data za saa kwa saa, tenganisha usiku na mchana uone.

Mgeni wa Esbjerg, Jumatano saa 8:20 mchana

Nipo Denmark, nafanya kazi za matengenezo upande wa baharini. Naongeza dogo.

Kivuli hiki kimeshapigwa picha. Februari 2008 ukungu ulitanda kwenye shamba la baharini la Horns Rev 1 huku Denmark, mitambo 80 ya megawati 2, umbali wa vipenyo 7, na nyuma ya kila mtambo wa mbele kukaonekana mkia mweupe unaopanuka na kuwafunika walio nyuma, safu baada ya safu. Itafute picha hiyo uiweke ukurasa wa kwanza wa ripoti yako. Utamwelewesha mtu yeyote bila fomula.

Vipimo vya pale vinaonyesha pia kitu ambacho wanaoanza hukikosea. Upepo ukija sambamba na safu, mtambo wa pili unashuka kwa theluthi au zaidi, lakini wa tatu, wa nne, wa tano hawaendelei kushuka kwa kasi hiyo. Hewa nyuma ya mtambo wa pili imeshachafuka, inachanganyika haraka, na nguvu mpya inashuka kutoka juu. Kwa hiyo usizidishe 0.48 mara 0.48 mara 0.48 hadi mtambo wa 12. Waachie PyWake wajumlishe vivuli.

Na ujue kwamba hata wakubwa wanakosea. Oktoba 2019 Ørsted wenyewe, kampuni kubwa ya Denmark ya mashamba ya upepo, walitangaza kwamba walikuwa wanakadiria kupita kiasi umeme wa mashamba yao ya baharini. Sababu walizotaja ni mbili: vivuli, na upepo kupungua hata kabla haujafika safu ya kwanza, kwa sababu shamba zima linauzuia kama ukuta wenye matundu. Jensen hana habari na hilo la pili. Kwa mitambo yako 24 si kubwa, ila litaje.

Binti_wa_Moro, Alhamisi saa 5:05 usiku

Ahsanteni sana, nimeshindwa kulala kwa furaha. Nimebadilisha mstari mmoja tu, ile atan2, na upepo wangu wa Singida umehamia mashariki. Ufanisi umeanguka kutoka 94 hadi 79, karibu sawa na wa mwenzangu. Kisha nikazigeuza safu zilale kaskazini hadi kusini, umepanda hadi 93. Mitambo ni ileile 24, kiwanja kilekile.

Nimetenganisha usiku na mchana kama Wa_Kajiado alivyosema, k 0.04 usiku na 0.075 mchana, ikashuka hadi 90. Hiyo 90 ndiyo nitakayoipeleka.

Wikiendi ya wiki ijayo napanda basi kwenda Singida kuitazama miti. Fundi, nikifika pale nifanye nini cha maana kwa siku moja bila mlingoti?

Fundi Mlingoti, Ijumaa saa 11:30 alfajiri

Umenifurahisha sana binti. Hiyo 90 ni namba ya mtu aliyefikiri. Ile 94 ilipendeza zaidi, lakini ingekupeleka kujenga foleni.

Kabla ya safari, rekebisha jambo moja lisilohusu vivuli. Jedwali la V52 limeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kilo 1.225 kwa mita ya ujazo. Singida iko kama mita 1,500 juu, hewa ni nyepesi, inakaribia kilo 1.0. Chini ya spidi ya nguvu kamili umeme unapungua kwa kiasi hichohicho. Ufanisi wako hautabadilika sana kwa sababu mtambo wa mbele na wa nyuma wote wanavuta hewa ileile, ila megawati-saa zako zitashuka, na msimamizi akiuliza hilo ujue la kujibu. Na mraba mmoja wa ERA5 ni kama kilomita 31 kwa upande. Vilima vya mawe utakavyoviona kule haivijui kabisa.

Siku yako moja itumie hivi. Nenda kwenye uwanda unaofanana na ulikochora shamba, mbali na nyumba. Tafuta miti 10 iliyosimama peke yake. Kila mti, simama upande ulionyolewa, mgongo kwenye shina, soma dira mbele yako: huko ndiko upepo unakotoka. Andika namba kama ilivyo hata kama haikupendezi. Kaskazini ya dira na ya ramani kwetu zinakaribiana, isikusumbue. Miti ya kando ya barabara iache, inakatwa matawi na watu na kugongwa na malori.

Kisha chukua fito ndefu, funga juu yake utepe mwepesi wa kitambaa, urefu wa mkono, uisimamishe wima. Kila nusu saa soma dira na uandike, kuanzia asubuhi mpaka jua lizame. Usiifunge karibu na jabali, Singida ina majabali makubwa na yana vivuli vyao; kaa mbali walau mara 20 ya urefu wa jabali. Na ukiweza kulala pale, toka nje saa nne usiku usome tena, maana nusu ya hesabu zako sasa ni za usiku.

Ukirudi utubandikie hapa zile namba 10 za miti.